Somo kwa Makatibu wa Vyama: Kuchagua Mfumo wa Mafaili katika Kompyuta Kuukuu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii imefundishwa katika madarasa ya ushirika kwa miaka mingi, wala haijapungua maana hata baada ya madaftari ya vyama kuanza kuhamia ndani ya kompyuta. Tofauti ni moja tu: daftari la karatasi likiliwa na mchwa, katibu huona, daftari lililo ndani ya diski likiharibika, aghalabu hakuna aonaye mpaka siku mkulima anapokuja kudai malipo yake.

Kimamba ni mji mdogo ulio kando ya reli ya kati, mashariki ya Kilosa, uliokulia katikati ya mashamba ya mkonge. Wakulima wa wilaya hiyo hulima pia pamba, ufuta, mbaazi na mahindi. Chama cha msingi katika mahali kama hapo, chenye mtaji mdogo, hakinunui kompyuta mpya kila mwaka. Hupata iliyokwisha kutumika mahali pengine, huiongezea diski au flashi, na huanza kuandika humo orodha ya wanachama, uzito wa mazao na malipo. Hilo si jambo la kuonea haya. Kompyuta kuukuu inaweza kukitumikia chama vizuri, mradi diski zake ziwe zimepangwa kwa namna inayofaa. Somo hili linaeleza mpangilio huo, unaoitwa mfumo wa mafaili, na jinsi ya kuuchagua.

Yafaa kukumbuka kwamba nchi hii imekwisha kujifunza kwa gharama kuwa mashine peke yake haileti manufaa. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mashine zilizowekwa kwa ajili ya hesabu za Wizara ya Fedha kutoleta faida iliyotarajiwa. Marufuku hiyo ilikwisha kuondolewa zamani, lakini funzo lake limebaki: asiyejua mashine yake inavyotunza kumbukumbu amekabidhi mali ya wanachama kwa chombo asichokifahamu.

1. Mfumo wa mafaili ni nini

Diski inafanana na ghala. Ghala tupu ni kuta na sakafu tu. Ili magunia ya wakulima mia tatu yakae humo bila kuchanganyika, hapana budi sakafu igawanywe kwa mafungu, kila fungu lipewe namba, na mtunza ghala awe na daftari linaloonyesha fungu gani lina mali ya nani. Daftari hilo likipotea, magunia bado yapo, lakini hakuna ajuaye la Juma ni lipi na la Mwanaidi ni lipi.

Mfumo wa mafaili ni ugawaji wa mafungu pamoja na daftari lake. Kompyuta inapohifadhi faili, huliweka katika fungu moja au mafungu mengi, kisha huandika katika daftari la diski jina la faili, ukubwa wake na mahali lilipo. Kazi ya kuipanga diski upya huitwa kufomati. Mwenye kufomati humtupilia mbali mtunza ghala wa zamani pamoja na daftari lake. Kwa hiyo mafaili yote yaliyokuwamo huhesabiwa kuwa yamepotea.

Mifumo ni mingi, lakini katibu wa chama anahitaji kuifahamu minne: FAT, NTFS, exFAT na ext4.

2. FAT: mfumo wa zamani unaofahamika kila mahali

FAT ni mfumo wa zamani kuliko yote minne. Namna yake ya FAT16 ilitumika katika kompyuta za DOS na Windows za mwanzo. Katika kompyuta hizo haikuweza kupanga sehemu ya diski inayozidi gigabaiti 2. Mwaka 1996 ikaja FAT32, pamoja na toleo la pili la Windows 95, nayo ikaweza kupanga diski kubwa zaidi.

Sifa kuu ya FAT32 ni kwamba inafahamika karibu kila mahali. Windows 98 huisoma, Windows 11 huisoma, na kadhalika kompyuta za Linux na za Apple, simu, redio za kuchomeka flashi na mashine nyingi za kuchapishia. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 itasomeka katika duka la vifaa vya ofisi Kilosa kama itakavyosomeka Morogoro.

Lakini ina upungufu wa namna nne, na katibu hana budi kuujua wote.

Kwanza, haipokei faili moja linalofikia gigabaiti 4. Katibu akijaribu kunakili faili la gigabaiti 5 katika flashi ya gigabaiti 16 iliyo tupu, kompyuta itakataa. Wengi hudhani flashi ni mbovu, wakaitupa na kununua nyingine, nayo ikakataa vile vile. Flashi haina kosa. Ni mfumo wake usiokubali faili kubwa kiasi hicho.

Pili, mafungu ya FAT huwa makubwa kadiri diski inavyokuwa kubwa, na fungu moja haliwekwi mafaili mawili. Ichukuliwe kuwa chama kina mafaili 1,000 ya hati za kupokelea mazao, kila moja la kilobaiti 3. Katika FAT16 yenye mafungu ya kilobaiti 32, mafaili hayo yatachukua kilobaiti 32,000. Katika FAT32 juu ya flashi ya gigabaiti 32, ambayo kwa kawaida mafungu yake ni ya kilobaiti 16, yatachukua kilobaiti 16,000. Katika mfumo wenye mafungu ya kilobaiti 4, yatachukua kilobaiti 4,000 tu. Mzigo ni ule ule, ghala limegawanywa vingine.

Tatu, FAT haina ulinzi wa majina na ruhusa. Mtu ye yote akaaye mbele ya kompyuta anaweza kufungua, kubadili au kufuta faili lo lote.

Nne, na hili ndilo kubwa, FAT haina kumbukumbu ya kazi iliyokuwa ikiendelea. Umeme ukikatika wakati daftari la diski linaandikwa, huenda nusu ya habari ikawa imeingia na nusu haikuingia. Kwa kawaida FAT hutunza nakala mbili za jedwali lake, lakini nakala mbili zisizojua kazi iliishia wapi haziwezi kumaliza ubishi.

3. NTFS: mfumo wenye jarida

NTFS ilianza mwaka 1993 pamoja na Windows NT. Windows 2000, Windows XP na zote zilizofuata huisoma na kuiandika. Windows 95, 98 na Me haziifahamu kabisa.

Mhasibu ye yote ataelewa ubora wake kwa urahisi. Katika utunzaji wa hesabu, jambo huandikwa kwanza katika daftari la awali kabla ya kuhamishiwa kwenye leja. Karani akikatishwa katikati, mwenzake hutazama daftari la awali, akajua lipi limehamishwa na lipi bado. NTFS hufanya vivyo hivyo. Kabla ya kugusa daftari kuu la diski, huandika katika jarida lake mabadiliko inayotaka kuyafanya. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta husoma jarida, ikamaliza lililoanzwa au ikalifuta, na daftari la diski likabaki sawa.

Pia NTFS hupokea mafaili makubwa kupita mahitaji ya chama cho chote, na kwa kawaida mafungu yake ni ya kilobaiti 4. Zaidi ya hayo, inatambua majina ya watumiaji na ruhusa zao: mtunza ghala aweza kuruhusiwa kuandika uzito wa mazao bila kuruhusiwa kugusa orodha ya malipo. Jambo hili lina uzito wa kisheria. Orodha ya wanachama ina majina, namba za simu na akaunti za benki, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hata hivyo ruhusa hizo si kufuli la chuma. Mwenye kuichukua diski na kuichomeka katika kompyuta nyingine anaweza kuzipita. Kwa hiyo kabati la diski na lifungwe.

Upungufu wa NTFS uko nje ya Windows. Kompyuta za Apple huisoma lakini kwa kawaida haziiandiki, na simu nyingi hukataa hata kuisoma.

4. exFAT: mfumo wa flashi kubwa

exFAT ilitolewa mwaka 2006 kwa ajili ya flashi na kadi za kumbukumbu. Haina kizuizi cha gigabaiti 4, nayo husomwa na Windows na kompyuta za Apple za miaka ya karibuni. Linux iliipokea rasmi katika kiini chake mwaka 2019. Windows Vista iliipata kwa nyongeza ya kwanza ya mwaka 2008. Windows XP haiisomi mpaka iwekewe nyongeza maalum iliyotolewa mwaka 2009. XP isiyo na nyongeza hiyo itamwambia katibu kwamba flashi haijafomatiwa, na kumwuliza kama anataka kuifomati. Hapo jibu ni hapana. Akijibu ndiyo, kazi ya msimu mzima itafutika kwa kubonyeza mara moja.

exFAT pia haina jarida wala ruhusa kama za NTFS. Yafaa kubebea mafaili makubwa. Haifai kuwa makao ya kudumu ya leja ya chama.

5. ext4: mfumo wa Linux

Windows XP ilikoma kupokea marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta isiyo na marekebisho ni nyumba yenye mlango usiofungwa, nayo haifai kuunganishwa na intaneti. Baadhi ya vyama huweza kuirefusha maisha mashine ya namna hiyo kwa kuiwekea Linux, isiyolipiwa na yenye matoleo mepesi. Hapo mfumo wa kuchagua kwa diski ya ndani ni ext4, uliokamilishwa mwaka 2008. Una jarida na ruhusa kama NTFS.

Ila jambo moja lizingatiwe: Windows haisomi ext4 yenyewe. Diski ya ext4 ikichukuliwa kwa mkaguzi mwenye Windows, itaonekana kama haina kitu. Chama kinachotumia Linux na kiwe na flashi ya FAT32 au exFAT kwa ajili ya kupeleka mafaili nje.

6. Mfano wa chama

Ichukuliwe kuwa chama cha msingi karibu na Kimamba, ambacho ni cha mfano tu, kina vyombo vinne: kompyuta ya Windows XP yenye diski ya gigabaiti 80 iliyofomatiwa na mwenyewe wa kwanza kwa FAT32, kompyuta ya Windows 10, flashi ya gigabaiti 16, na diski ya nje ya terabaiti 1. Umeme hukatika mara kwa mara wakati wa masika. Siku ya mnada wa ufuta, katibu anaandika uzito wa wakulima mia mbili, na umeme unakatika akiwa amefika wa mia moja na tisini. Mkulima wa kilo 320 ana stakabadhi mkononi, bali orodha ya malipo haifunguki.

Bodi ifanye nini ili jambo hilo lisirudi?

Diski ya ndani ya kompyuta ya XP igeuzwe kuwa NTFS, kwa sababu ndiyo inayoandikwa kila siku na ndiyo inayokatikiwa na umeme. Windows ina amri ya kugeuza FAT32 kuwa NTFS bila kufuta mafaili: convert C: /fs:ntfs. Kompyuta itafanya kazi hiyo itakapowashwa upya. Njia hiyo ni ya kwenda tu: amri hiyo hairudishi NTFS kuwa FAT32, na mwenye kutaka kurudi atalazimika kufomati. Kabla ya kuanza, mafaili yote yanakiliwe mahali pengine, maana umeme ukikatika katikati ya kugeuza hakuna dhamana.

Diski ya nje iwe NTFS pia, kwa kuwa kompyuta zote mbili ni za Windows, nayo ndiyo itakayotunza nakala.

Flashi ibaki FAT32. Kazi yake ni kubeba barua, orodha na taarifa kwenda chama kikuu au dukani kuchapisha, na hakuna hata moja inayofikia gigabaiti 4. Siku chama kitakapotaka kupeleka video ya mkutano mkuu ya gigabaiti 6, itumike diski ya nje.

Ikiwa bodi inafikiri kununua diski kubwa zaidi, ikumbuke kwamba Windows XP ya kawaida haiwezi kutumia diski inayozidi terabaiti 2 kwa utaratibu wake wa zamani wa kugawa diski, na XP ambayo haikupata nyongeza ya kwanza haioni zaidi ya gigabaiti 137 za diski ya ndani. Diski ya terabaiti 4 kwa mashine hiyo ni fedha ya wanachama iliyotupwa.

7. Hatua za kufuata kabla ya kufomati au kugeuza

(a) Katibu aandike orodha ya vyombo vyote vya kutunzia mafaili, ukubwa wake, na mfumo uliomo. Katika Windows hujulikana kwa kubofya alama ya diski kwa kitufe cha kulia na kutazama sifa zake.

(b) Aandike pia kompyuta zote zitakazosoma chombo hicho, pamoja na zile za nje ya ofisi. Mfumo huchaguliwa kwa kutazama mashine dhaifu kuliko zote katika orodha hiyo.

(c) Nakala itolewe, kisha ifunguliwe katika kompyuta nyingine ili kuhakikisha kuwa inasomeka. Nakala ambayo haijafunguliwa haijathibitishwa.

(d) Kazi ifanywe wakati ambao si wa msimu wa kununua mazao, kukiwa na umeme wa kuaminika au kifaa cha akiba ya umeme.

(e) Tarehe, chombo, mfumo wa zamani, mfumo mpya na jina la aliyefanya kazi viandikwe katika daftari la mali za chama, na chombo kibandikwe karatasi yenye namba yake.

(f) Watumishi wafundishwe kutochomoa flashi au diski ya nje kabla kompyuta haijaruhusu. Kuchomoa ghafula ni sawa na kukata umeme kwa mkono.

8. Yale ambayo mfumo wa mafaili hauwezi

Jarida la NTFS au la ext4 hulinda daftari la diski. Halilindi maandishi ambayo katibu hajayahifadhi, wala halizuii virusi, wizi, moto au mtu kufuta faili kwa makusudi. Katika mfano uliotolewa, huenda wakulima kumi wa mwisho wasingeonekana hata kama diski ingekuwa NTFS, ikiwa katibu hakuhifadhi kazi yake kila baada ya muda mfupi. Kwa hiyo nakala za stakabadhi za karatasi zisitupwe. Ndizo zitakazoijenga upya orodha ya malipo, na ndizo atakazozitaka mkaguzi.

Kadhalika nakala zote zisiwekwe katika kabati moja. Watu wa Kilosa hawahitaji kufundishwa jambo hili kwa maneno mengi. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika, ukaharibu nyumba za watu wengi na kukata reli ya kati. Maji hayabagui FAT na NTFS. Nakala moja ikae ofisini, nyingine ikae mahali pa juu na pa mbali, mathalani katika sanduku la chama benki au katika ofisi ya chama kikuu, na ibadilishwe kila mwezi.

Hata chama kinachopeleka habari zake katika mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika uitwao MUVU kinaendelea kuhitaji kumbukumbu zake chenyewe zilizo salama, kwa maana siku intaneti inapokosekana mkulima hatakubali kuambiwa arudi kesho bila hesabu.

9. Kwa ufupi

Diski ya ndani ya kompyuta ya Windows XP au mpya zaidi: NTFS. Diski ya ndani ya kompyuta ya Linux: ext4. Kompyuta ya Windows 98 ambayo bado inatumika: FAT32, kwa kuwa haina njia nyingine, lakini leja ya wanachama isikae humo peke yake. Flashi ndogo ya kuzungukia ofisi mbalimbali: FAT32. Flashi kubwa ya mafaili makubwa, kati ya kompyuta zinazoifahamu: exFAT. Diski ya nakala katika ofisi ya Windows: NTFS.

Maswali ya kujadiliana katika bodi na katika kikundi cha masomo

1. Chama chenu kina vyombo vingapi vya kutunzia mafaili, na kila kimoja kina mfumo gani?

2. Umeme ukikatika sasa hivi, ni kumbukumbu zipi za wanachama zitakazokuwa hatarini, na nani anajua namna ya kuzirudisha?

3. Katibu alinunua flashi ya gigabaiti 64 yenye exFAT, na kompyuta ya XP ikamwuliza kama anataka kuifomati. Ajibu nini, na kwa nini?

4. Nakala ya mwisho ya orodha ya malipo ilifunguliwa na kuhakikiwa lini? Iko wapi usiku wa leo?

Bodi isiyoweza kujibu swali la nne na ilifanye kuwa ajenda ya kwanza ya kikao kijacho, kabla ya msimu kufunguliwa.